Nani anamjua mama wa bibi yake?

Ndugu wasikilizaji, leo naomba tuanze na swali moja. Mama yake bibi yako aliitwa nani? Sisemi bibi yako mwenyewe, maana huyo wengi tunamjua, na wengine tumelala kitandani kwake na kula ugali wake. Nasema yule aliyemzaa bibi. Alizaliwa wapi? Aliolewa mwaka gani, na kwa ng'ombe wangapi? Alikufa lini, na kaburi lake liko wapi?

Nimewauliza swali hili watu wengi hapa mjini, wakiwamo wasomi. Wengi wanaweza kukutajia baba, babu, baba wa babu, na wengine wakafika vizazi sita au saba bila kukwama. Ukiwageuzia upande wa akina mama wanafika kwa bibi, wanasimama hapo. Hata mimi nilikuwa nasimama hapo. Miaka miwili iliyopita niliamua kusogea hatua moja zaidi, nimtafute mama aliyemzaa bibi mzaa mama yangu. Leo nawasimulia niliyoyakuta, kwa sababu naamini si mambo ya ukoo wangu peke yake.

Mama huyo aliishi Busawe, katika nchi ya Wangoreme, kusini ya Mto Mara. Leo Busawe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, lakini enzi za mkoloni sehemu hizo zilikuwa chini ya bomani Musoma, na ng'ambo ya mto, Tarime, walikuwa ndugu zao Wakuria. Wangoreme ni wakulima wa ulezi na mtama, ni wafugaji, na zamani walikuwa wawindaji hodari. Kabla ya wakoloni hawakuwa na machifu wa kukaa kitini na kutoa amri. Walitawaliwa na wazee na rika zao.

Nilipoanza nilikuwa na mambo matatu tu mkononi. La kwanza ni jina lake. La pili ni kwamba alitoka katika ukoo wa jirani. La tatu, ambalo lilitajwa kwa kicheko kila jina lake lilipotokea, ni kwamba alikuwa mchoyo wa ulezi. Ndivyo alivyokumbukwa. Mtu ameishi karibu miaka themanini, amezaa, amelea, amezika, halafu kilichobaki kwake ni uchoyo wa ulezi!

Kwa kuwa mimi ni mtu wa habari, nilianzia kwenye karatasi. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza yamehifadhiwa. Humo kuna vile vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri walikuwa wakiandika habari za makabila, machifu, sheria za ndoa, mvua na njaa. Ni hazina kubwa, na ninamshauri kila mwenye nafasi aende akasome. Lakini kama unamtafuta mwanamke wa kijijini, jiandae kuchoka.

Tazameni jinsi serikali ile ilivyofanya kazi. Kodi ilidaiwa kwa mwanamume. Aliyekuwa na wake watatu alidaiwa kwa ajili ya nyumba tatu. Kwa hiyo katika daftari la kodi jina linaloandikwa ni la mume, na wake zake wanageuka hesabu ya nyumba. Sensa ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu kamili ni ya mwaka 1948, na Waafrika wa Tanganyika walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 7. Mama huyu bila shaka alikuwa mmojawapo, lakini idadi haina jina. Usajili wa vizazi na vifo haukuwagusa watu wa vijijini kama yeye.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo wanawake walitajwa mara kwa mara, nako ni mabarazani, katika kesi za mahari. Fulani anadai ng'ombe wake kwa kuwa mke amekimbia; fulani anasema binti yake amechukuliwa kabla mahari haijatimia. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakisii wa Kenya, mwanahistoria Brett Shadle alizisoma kesi za namna hiyo akaandika kitabu kizima mwaka 2006. Hata huko mabarazani, mara nyingi mwanamke ndiye kiini cha kesi lakini si mdai wala mdaiwa. Anaandikwa "binti fulani", yaani kwa jina la baba yake. Na kwa kuwa majina ya Mara yanarudiwa sana, akina Bhoke, Robi na Gati wanajaa kila kijiji. Utajuaje Bhoke binti Mwita huyu ndiye wako, na si wa jirani?

Niliondoka mikono mitupu. Ndipo mama yangu akanikumbusha kwamba bibi alibatizwa ukubwani, akiwa tayari ana watoto, katika miaka ya 1950. Mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani waliingia Musoma mwaka 1946, na kama ilivyo desturi ya Kanisa Katoliki, kila anayebatizwa huandikwa jina lake, la baba yake na la mama yake. Nikaomba ruhusa katika parokia moja ya Jimbo la Musoma. Daftari likafunguliwa, na jina la bibi likaonekana, mwaka 1954. Mbele yake lilikuwapo jina la baba yake, kisha la mama yake.

Lakini jina lile la mama silo nililolijua.

Majina yenyewe sitayataja, na sababu yake mtaisikia. Nitawapa mfano unaofanana nayo. Kule Mara msichana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambura. Usukumani msichana wa namna hiyo huitwa Kabula. Ni mvua ile ile. Huku wanasema mbura, kule wanasema mbula. Basi ndivyo ilivyokuwa. Jina tulilolijua nyumbani lilikuwa la Kingoreme, na lililoandikwa na padri lilikuwa la Kisukuma, lenye maana ile ile. Bibi alipoulizwa jina la mama yake siku ya ubatizo alitaja la Kisukuma. Kwa nini?

Nilifunga safari kwenda Busawe. Huko mimi ni mtoto wa binti yao, hivyo wanaume wote wa pale ni wajomba zangu au babu zangu, na mtoto wa binti hapokelewi vibaya. Nilichinjiwa kuku, nikakalishwa na wazee. Nikauliza habari za mama yule. Wazee wakanieleza habari za mume wake, rika lake, mbuga alizowinda na ng'ombe alionyang'anywa. Nikauliza tena habari za mke. Wakacheka: "Ah, yule alikuwa mchoyo wa ulezi!" Tukarudi pale pale.

Ndipo nikabadili swali. Nikaacha kuuliza habari zake, nikauliza habari za ng'ombe zake. Hapa ni lazima nieleze kidogo kwa faida ya wasiojua desturi za upande ule. Kwa Wangoreme, kama kwa Wakuria, mji ni wa baba lakini nyumba ni ya mama. Kila mke ana nyumba yake, shamba lake, ghala lake na ng'ombe walioandikwa, kwa namna ya kusema, kwa jina la nyumba hiyo. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia katika nyumba ya mama yake, na hao ndio watakaomwoza kaka yake wa tumbo moja. Nyumba ina uzito kiasi kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari na kuoa binti, ili apatikane mrithi na nyumba isife. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, ambayo leo ina watetezi wake na wapinzani wake, na siku nyingine tutaizungumzia. Ninachotaka tukione hapa ni kwamba mzee anaweza kumsahau mwanamke, lakini ng'ombe walioingia na kutoka kwa ajili yake hawasahau. Ng'ombe ni daftari.

Naam, wazee wakakumbuka. Wakataja idadi, wakataja hata rangi za baadhi yao. Kisha mmoja akasema neno lililonifanya niache kalamu: "Lakini ng'ombe wale hawakwenda kwa baba yake. Walikwenda kwa mjomba wake." Nikauliza sababu. Wakatazamana. Mjomba mkubwa akasema, "Hayo ni ya zamani, mwanangu. Kunywa chai."

Nilikunywa chai. Kesho yake nikaenda kwa wanawake.

Yupo bibi mmoja pale, mjane wa kitindamimba wa mama yule. Aliolewa mwaka 1957 akiwa msichana mdogo, akakaa katika mji wa mama mkwe wake miaka kumi na miwili, wakilima pamoja, wakisaga pamoja, mpaka alipomzika mwaka 1969. Sasa yuko katika miaka themanini na zaidi, macho yamepungua nguvu, lakini akili yake ni timamu kabisa. Nilimwomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, akakubali. Nikamwuliza kuhusu jina lile la Kisukuma.

Hakushangaa. Alisema, "Mjukuu wangu, ukimpa mama maji alikuwa akisema wabeja. Hakusema kwa lugha yetu." Wabeja ni asante kwa Kisukuma; wasikilizaji wa Mwanza na Shinyanga wanalijua neno hilo. Kisha akanisimulia polepole, kwa muda wa siku mbili, mambo ambayo mama mkwe wake alikuwa akimweleza jikoni usiku. Wanaume walikuwa nje uani. Hawakuyasikia, na wala hawakuuliza.

Ili tuelewe simulizi hiyo yatupasa turudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ndui ikafuata, na ukame. Katika nchi za Mara ya kusini njaa ya karibu mwaka 1894 inaitwa njaa ya miguu, kwa sababu watu walitembea. Walikwenda kwa miguu hadi Usukumani, ambako nafaka ilikuwapo. Waliokuwa na kitu cha kubadilisha walibadilisha. Waliokwisha kumaliza kila kitu waliwaacha watoto wao kwa wenye nafaka, mara nyingi watoto wa kike, wakapewa mtama wa kurudi nao kuwaokoa waliobaki. Mwanahistoria Jan Bender Shetler wa Marekani, aliyekaa na wazee wa Mara na kuchapisha historia zao kuanzia mwaka 2003, ameyaandika mambo haya. Kwa hiyo si hekaya ya jikoni. Ni jambo lililozipata familia nyingi.

Mama aliyemzaa bibi yangu alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka Usukumani, akamwacha huko kwa mtama. Alirudi Ngoreme na mzigo kichwani. Alikuta watoto wawili kati ya wale aliowaacha wamekwisha kufa.

Msichana yule alikulia katika mji wa Wasukuma. Walimpa jina lao, wakamfundisha kazi na lugha yao. Hakuteswa, yeye mwenyewe alisema hivyo. Wazazi wake hawakuishi kuja kumchukua. Aliyemchukua ni mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyekuwa mwindaji. Siku hizo mikia ya nyumbu kutoka mbuga za Serengeti ilikuwa ikiuzwa Usukumani, na kwa mikia hiyo mtu aliweza kupata mbuzi. Mjomba alikusanya mikia kwa misimu kadhaa, akapata mbuzi, akaenda kumkomboa mpwa wake. Msichana alikuwa ameshakuwa mwali. Alirudi katika nchi ya mama yake akiwa hajui lugha ya mama yake.

Na hapo, ndugu msikilizaji, ng'ombe wote wakapata maelezo. Alipoolewa Busawe mahari yake ilikwenda kwa mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye aliyemkomboa. Wazee walikuwa wakilijua hilo siku zote. Walichokosa ni yule wa kuwauliza habari za ng'ombe.

Baada ya hapo niliweza kuipanga miaka yake, kwa sababu bibi yule hakuhesabu kwa tarehe bali kwa matukio, na matukio yana tarehe. Aliolewa Wajerumani wakiwa na boma Shirati na jingine Ikoma. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, mwaka 1914, alikuwa na mtoto mmoja, na mume wake alichukuliwa kwenda kubeba mizigo. Mume alirudi, wengi hawakurudi. Waingereza wakaja na kodi yao ya shilingi, na yeye ndiye aliyelima ulezi wa kuuza ili nyumba yake ilipiwe. Bibi yangu alizaliwa katikati ya miaka ya 1920. Kitindamimba alizaliwa mwaka wa nzige, mwanzoni mwa miaka ya 1930, nzige walipokula mashamba ya nchi nzima. Serikali ikalazimisha watu walime mihogo ya akiba ya njaa. Wenzake walinung'unika, yeye alilima zaidi ya alivyoamriwa. Vijana wa kiume wakaanza kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 alikuwa bibi kizee wa miaka sabini hivi. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, mji ule ulihamishwa, na kaburi lake likabaki kwenye mahame, peke yake, bila jiwe wala msalaba. Bibi yule alinionyesha mahali. Pana mti na kichuguu.

Na uchoyo je? Nilimwuliza pia hilo. Alitabasamu, akasema naye alipokuwa bi harusi alimchukia mama mkwe wake kwa ajili hiyo. Ghala lilikuwa limejaa ulezi, lakini mama hakuruhusu liguswe mpaka ulezi mpya uonekane shambani umekomaa. Wageni wakija alipima kwa kibuyu, wala hakumimina. Wake wenzake walimsema, wanawe walimwonea haya. Usiku mmoja alimwambia mkwe wake, "Mimi najua mtoto mmoja ni debe ngapi." Kwa kweli hakusema debe, alitaja kikapu chao cha kupimia. Bibi yule alisema tangu siku hiyo hakumnung'unikia tena, na hata leo, katika ghala lake mwenyewe, hugusi akiba mpaka mavuno yaonekane.

Sasa nafika mahali pagumu. Niliporudi kwa wajomba na kuwaeleza niliyoyasikia, hawakufurahi. Mjomba mkubwa alisema waziwazi, "Wewe ni mtu wa redio. Ukilitangaza hili watu watasema ukoo huu umetoka kwa mtoto aliyebadilishwa na mtama. Wajukuu zetu watatukanwa shuleni. Binti zetu wakiposwa watu watauliza." Mwingine akaongeza kwamba wafu wasisumbuliwe.

Ndugu wasikilizaji, hoja hizo si za kubezwa. Vijijini neno moja la aibu huweza kuishi kuliko mtu. Na mimi ninayeishi mjini, mbali na majirani hao, ninaweza kulisema na kuondoka. Wao watabaki nalo. Kwa hiyo hatukuachana hapo. Tulikaa tena, safari hii na yule bibi akiwapo. Akazungumza maneno machache. Alisema, "Mtoto aliyeachwa hakukosa. Mama aliyemwacha hakukosa. Waliobaki nyumbani walikufa, aliyeachwa akapona, na ninyi nyote hapa mmetoka kwake. Aibu iko wapi?"

Kimya kilikuwa kirefu. Mwishoni tulikubaliana hivi: habari isemwe, majina ya watu na ya koo yasitajwe. Ndiyo maana nimeyaficha. Na mjomba mkubwa akaongeza sharti moja, kwamba kaburi lizungushiwe ua kabla ya mvua za masika. Lilizungushiwa.

Aibu za namna hii si zetu peke yetu. Iko nchi ya mbali ambayo inaweza kutufundisha. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Wengi walihukumiwa kwa wizi mdogo mdogo. Kwa muda mrefu wajukuu wao walificha kwamba bibi yao alifika kwa meli ya wafungwa; waliliona kuwa ni doa. Leo hali imegeuka. Watu wanajipanga kwenye nyumba za nyaraka kuwatafuta mabibi hao, na anayempata mmoja hujivunia. Kilichobadilika ni macho ya wajukuu. Makosa ya bibi ni yale yale. Lakini wenzetu hao wana bahati moja. Serikali iliyowafunga mabibi zao iliandika jina, umri, kosa na hata rangi ya macho. Wenyeji asilia wa nchi ile, waliokuwapo kabla ya meli hizo, hawakupata daftari kama hilo, na wajukuu zao wanahangaika kama sisi.

Sisi daftari letu ni watu. Na watu wanakufa.

Msidhani kwamba haiwezekani kuandika maisha ya mwanamke wa kawaida wa Kiafrika. Kusini-magharibi mwa nchi yetu, mmisionari wa Moravian aitwaye Elise Kootz-Kretschmer aliketi akasikiliza simulizi ya bibi mmoja, Narwimba, aliyepitia vita na utumwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Simulizi ile ilichapishwa, na mwaka 1993 Marcia Wright akaitumia pamoja na nyingine katika kitabu chake cha maisha ya wanawake na watumwa. Mombasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza akina mama watatu, na kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 kisha kwa Kiswahili. Na hapo hapo Mara, Waikizu hawajamsahau Nyakinywa, mwanamke mganga wa mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani, akawa chanzo cha utemi wao. Huyo amekumbukwa kwa kuwa alitawala. Narwimba amekumbukwa kwa kuwa alipata wa kumsikiliza. Mama aliyemzaa bibi yangu hakutawala. Alisikilizwa na mkwe wake tu, jikoni.

Shetler, yule niliyemtaja, ana kitabu kingine cha mwaka 2019 kinachoeleza jambo ambalo nililiona kwa macho yangu Busawe. Wanaume wa Mara hukumbuka ukoo na mipaka yake, kwa sababu wao hubaki pale pale. Wanawake huolewa kutoka mji hadi mji na kabila hadi kabila, kwa hiyo wao ndio wanaokumbuka nani ameungana na nani. Ukiwauliza wanaume peke yao utapata nusu ya historia, na utadhani ni yote.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama swali la mwanzo limekugusa, nakuachia mambo machache ya kufanya. Waulize wanawake, hasa wakwe. Binti huolewa akaondoka. Mkwe ndiye aliyekaa na mama wa mumewe mpaka mwisho. Uliza habari za vitu: ng'ombe, jembe, shamba, ghala, mtungi. Mtu huona haya kusema habari za mtu, lakini ng'ombe hana haya. Tumia njaa, nzige, vita na rika kuwa kalenda yako. Kama mababu zako walikuwa Wakristo, tafuta daftari la ubatizo la watoto wake, usitafute lake. Sikiliza maneno mageni katika mazungumzo ya nyumbani, kama lile wabeja. Ukiandika, andika jina la mama kando ya la baba. Na ukikuta siri, usiitangaze kabla hujakaa na wenye siri.

Jambo la mwisho. Kama kuna mtu katika ukoo wako ambaye amebakiwa na sifa moja tu mbaya, kwamba alikuwa mchoyo, au mkali, au mchawi, au mtoro wa ndoa, anza na huyo. Sisi Busawe tulicheka miaka hamsini juu ya ghala la ulezi. Pengine na kwenu yupo anayechekwa hivi sasa, na aliye hai wa kueleza kwa nini ana miaka tisini.

Likizo ya Desemba inakaribia na wengi mtakwenda nyumbani. Chukueni daftari.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, kwaherini.